Kuhusu Mume Wangu Kufika Jikoni kwa Kasi Isiyo ya Lazima

Suhara Alavikutty,
Nyumba ya nyuma ya shule ya msingi,
Thekkumpadam, Wilaya ya Malappuram.

Kwa Meneja wa Tawi,
Kampuni ya Intaneti ya Faiba,
Barabara ya Stesheni, Tirur.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA KASI YA MTANDAO

Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa mteja wenu ambaye hajawahi kukumbushwa kulipa. Najua kila siku unaletewa barua za watu wanaolalamika kwamba mtandao ni wa polepole. Yangu inatoka upande wa pili. Mtandao wenu una kasi mno, na umeniletea mume nyumbani.

Mume mwenyewe ni wangu, sikatai. Nilifungishwa naye nikahi mbele ya mashahidi, na sina dosari ya kumtaja kwenye barua ya ofisi. Ila alikuwa Sharja, huko Ghuba kwa Waarabu, na sote tulikuwa tumeshazoea.

Ili unielewe, sina budi kukueleza tulivyokuwa tukiishi kabla yenu. Mume wangu Alavikutty ni mtunza jengo la maofisi huko Sharja. Anakaa kwenye kibanda cha getini, anawafungulia wenye magari, anawapokelea watu vifurushi vyao. Aliondoka binti yetu Rinsha akiwa bado tumboni, na leo Rinsha anasomea uuguzi, yuko mwaka wa mwisho. Hapo katikati baba yake amekuwa akija likizo kila baada ya mwaka na kitu, analishwa biriani na ndugu wote kwa zamu, na kabla hajamaliza zamu ndege inamwita. Kwa hiyo nyumba nimeijenga mimi. Kisima nimekichimbisha mimi. Wifi yangu nimemwoza mimi, na mama mkwe nimempeleka hospitali mimi, kwa skuta niliyojifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule wanafunzi wakinicheka.

Haya yote niliyafanya kwa ushauri wa mume wangu. Alikuwa akinishauri, na mtandao ulikuwa ukiganda.

Siku hizo ili umpate mtu wa Ghuba ilibidi upande juu ya dari, usimame karibu na tangi la maji, uinamishe kichwa kidogo upande wa msikiti. Uso wa Baba Rinsha ulikuja vipande vipande. Alikuwa akisema, "Mama Rinsha, usi… usije uka… kabla hujani…" halafu anaganda mdomo wazi, mkono mmoja hewani. Nilimsubiri kwa adabu. Akiendelea kuganda nilimuaga, nikashuka, nikafanya nililokuwa nimekusudia. Sheria yangu ilikuwa moja tu, kwamba ambalo halikusikika halikukatazwa. Ndugu Meneja, sikumwasi mume wangu hata siku moja. Hakuwahi kumaliza sentensi.

Ndipo Rinsha akaomba faiba, kwa sababu masomo yake yana picha za video za mwili wa binadamu, na kwa mtandao wa zamani moyo ulikuwa ukisimama katikati ya somo. Nikakubali. Fundi wenu Pratheesh akaja, kijana mwenye heshima, akatoboa ukuta, akafunga ruta sebuleni. Wakati anakunywa maji ya ndimu akaniambia, "Mama, sasa hivi utamwona Baba Rinsha mpaka vinyweleo."

Aliniambia kama mtu anayeleta habari njema. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. RANGI YA JIKO. Jioni ile ile Baba Rinsha akapiga. Nilikuwa nakaanga vitunguu, nikaegemeza simu kwenye chupa ya achari. Picha ikafunguka kama dirisha. Hakunisalimia. Alikuwa akitazama nyuma yangu.

"Mama Rinsha, hapo ni wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni kwa nani?"

"Kwako."

"Mbona ni kijani? Mimi si nilisema nyeupe?"

"Ulisema nye, ukaganda," nikamwambia. "Ingeweza kuwa nyeusi, ingeweza kuwa nyekundu. Nikachagua rangi ambayo haina ubishi."

Jiko hilo lilipakwa rangi zamani, na amekuja likizo mara kadhaa tangu hapo. Lakini mgeni wa Ghuba halishwi jikoni, anakaa sebuleni anapepewa. Kesho yake akamwambia Rinsha amzungushe nyumba nzima kwenye simu, nje na ndani, kama mpima ardhi. "Nenda kushoto. Rudi. Hapo palikuwa na mfenesi."

"Ulianguka," nikamjibu nikiwa mlangoni.

"Wenyewe?"

"Ulisaidiwa."

Nisikuchoshe. Kwa juma moja mume wangu aligundua mambo ambayo kampuni iliyowatangulia ilikuwa imeyatunza vizuri kwa miaka mingi.

2. SAMAKI. Baada ya ukaguzi huo Baba Rinsha aliona kwamba nyumba inamhitaji. Akamtuma mtu aliyekuwa akija likizo alete kishikwambi, yaani kioo kikubwa kuliko simu, na akaagiza kitundikwe kwenye mlango wa friji. Kuanzia hapo anaingia jikoni kwangu baada ya swala ya alfajiri na kutoka wakati wa kulala. Kibandani kwake magari hayaji kila dakika, na kati ya gari na gari ananiangalia mimi. Nikitia ukwaju kwenye mchuzi naambiwa ni mwingi. Nikiutoa naambiwa sikuutoa wote. Mtu ambaye yuko ng'ambo ya bahari na hana pua ndani ya jiko langu ananiambia kitunguu kinaungua, na linaloniudhi zaidi ni kwamba kinakuwa kinaungua kweli.

Haya ningeyavumilia. Lakini kuna Koya, muuza samaki wetu. Koya hupita na pikipiki yake na sanduku la barafu nyuma, anapiga honi mbili akifika getini kwetu. Miaka yote amekuwa akiniwekea vibua vya chini, vile ambavyo mikono ya watu haijavigusa, kwa sababu anajua mimi nafunua shavu la samaki kabla ya kuuliza bei. Baba Rinsha akataka atolewe nje naye aone. Nikamtoa. Nimesimama barabarani nimembeba mume wangu kama sinia.

"Koya, hebu mfungue shavu huyo wa kulia," akasema.

Koya akafungua, akamsogeza samaki karibu na kioo. "Bosi, samaki anashikwa, hatazamwi kwenye televisheni."

"Mwekundu huyo?"

"Mwekundu kuliko shati lako."

Wakaendelea hivyo, wakaulizana habari za watoto, wakaelewana. Sasa Koya akifika hapigi honi mbili tena. Anapiga moja, halafu ananiuliza, "Bosi yupo?" Nikimwambia nataka vibua anasema, "Ngoja kwanza nimsikie mwenye nyumba." Kisha anauza samaki wa juu, kwa sababu kwenye kioo samaki wote wanang'aa.

Naomba izingatiwe kwamba mwenye nyumba nilikuwa mimi.

3. MAMA MKWE. Mama mkwe wangu, Bibi Biyyathu, naishi naye. Zamani alikuwa akipanda juu ya dari kwa shida, ameshikilia ukuta, kwenda kunishtaki kwa mwanawe. Alikuwa akisema, "Mwanangu, huyu Suhara hanipi hata chembe ya sukari, ananitesa." Sharja kulikuwa kunafika "Suhara… nipi… sukari…" na Baba Rinsha alikuwa akijibu, "Alhamdulillahi, mshukuru sana." Mama alishuka akidhani mwanawe yuko upande wangu, na mimi nilipata heshima ambayo sikuitolea jasho.

Ungetarajia kwamba mtandao wa kasi umemfurahisha yeye. Haukumfurahisha. Mama ana kisukari, na sukari guru yake huificha ndani ya debe la mchele akidhani sijui. Najua. Nimekuwa nikiipunguza kidogo kidogo bila kumwaibisha, na daktari ameridhika. Sasa debe la mchele linatazamana na friji.

"Mama, hicho mkononi ni nini?" mwanawe akamuuliza siku ya pili tu.

"Dawa."

"Dawa ya rangi ya kahawia?"

"Ya kienyeji."

Hatua hiyo ikafuatwa na hotuba ndefu isiyokatika hata mara moja, na debe likahamishwa. Mama mkwe hakunisemesha siku nzima, halafu jioni akaja kukaa karibu nami kwenye ngazi ya nyuma, mahali ambapo kioo hakifiki, akasema, "Suhara, huyu mtoto tulimpeleka Ghuba ili iweje?" Kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba hii mimi na yeye tuko upande mmoja. Hajui kuandika, ila ameweka dole gumba chini ya barua hii. Doa lililo pembeni ya dole ni sukari guru, usilijali.

4. Lalamiko la nne nililiandika na nimelifuta. Mama mkwe amesema halihusu watu wa ofisini. Nitasema tu kwamba mkoromo wa mtu aliye Sharja unafika kwangu ukiwa mzima, haujapungua chochote njiani.

Huenda utauliza kama nimejaribu kulitatua tatizo mwenyewe kabla ya kukusumbua. Nimejaribu. Niliifunika ruta kwa sufuria ya biriani, ile kubwa ya harusi, na kasi haikubadilika. Nawapongeza. Nikaiweka ndani ya kabati la nguo katikati ya mablanketi. Picha ikawa safi zaidi, Rinsha akasema labda kule juu ndiko kuzuri. Mwisho nikachomoa waya. Chai ilikuwa haijachemka Pratheesh akawa yuko getini na begi lake la vifaa. Baba Rinsha alikuwa ameshawapigia kutoka Sharja. "Mama, waya ulikuwa umechomoka tu," akaniambia kwa upole, akauchomeka, akaufunga kwa utepe mweusi usichomoke tena. Kampuni ya zamani ukiripoti hitilafu walikuja baada ya wiki mbili, na hakuna mtu aliyewahi kufa.

5. WAGENI WA KONDOTTY. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita walikuja watu kutoka Kondotty kumtazama Rinsha. Ni watu wazuri, sina neno nao. Kijana anafanya kazi kwenye duka la simu Riyadh. Alikaa kwenye kochi na mjomba wake, akala sambusa moja tu kwa adabu, akamtazama Rinsha alipoleta chai, na Rinsha akatazama sinia. Baba Rinsha tulimweka kwenye kiti kikubwa, juu ya mto, na mama mkwe akaamuru awekewe kikombe cha chai mbele yake kwa kuwa ndiye mwenye mji.

Rinsha alikuwa ameshaniambia jikoni, kwa sauti ya chini, mgongo ameupa friji. "Mama, si sasa. Mtihani wa mwisho ni mwezi wa tano. Nikiolewa kabla, sitaufanya."

"Nani kasema hutaufanya?"

"Wewe wa kwako uliufanya?"

Ndugu Meneja, mimi nilitolewa darasa la kumi ili niolewe, na vitabu vyangu vilifungiwa karanga dukani kwa baba yangu. Nilimwambia mtoto apeleke chai.

Mambo kama haya nilikuwa na namna yangu ya kuyashughulikia. Wageni wanaposema neno zito, Baba Rinsha anaganda. Mimi nasimama, nasema, "Samahanini, hasikiki, ngoja nimpandishe juu." Napanda naye darini, nakaa kidogo na upepo, nashuka na jibu nililolipika kwenye ngazi. Baba amesema tungoje. Baba amesema mwaka ujao. Baba amesema tumwulize kwanza amu yake. Wifi yangu alimaliza chuo cha ualimu kwa njia hiyo, na aliyemwoa baadaye anamshukuru Baba Rinsha mpaka leo kwa busara yake.

Siku ile mjomba wa kijana akakohoa akasema, "Sisi hatuna haraka, ila likizo ya huyu inakwisha. Tungependa nikahi ipite kabla hajaondoka."

"Sawa," akasema Baba Rinsha.

Lile "sawa" lilifika kabla mjomba hajafunga mdomo. Lilitoka Sharja, likavuka bahari, likapita kwenye tundu alilotoboa Pratheesh, na mimi nilikuwa bado nimeshika kiti nikijiandaa kusimama. Nilimtazama Rinsha. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia tupu, hakuwa analia, alikuwa ametulia kama mtu anayesikia likisomwa jina la mwingine.

Basi ilibidi niseme mwenyewe. Sikuwa na mazoezi. Nikasema, "Hapana. Si kabla hajafanya mtihani wake."

Mama mkwe alikuwa ameinua kipande cha halua, hakikwenda mdomoni wala hakikurudi sahanini. Baba Rinsha kwenye kiti chake hakusogea. Alinitazama, mdomo umefunguka kidogo. Nikashukuru moyoni, nikasema afadhali ameganda. Nikageuka kuitazama ruta yenu juu ya kabati la sebuleni. Taa zote zilikuwa za kijani.

Alikuwa amenisikia.

Kisha akasema, "Wageni wangu, mama yake ameshasema. Kunyweni chai, itapoa." Watu wa Kondotty wakanywa, wakasifu sambusa, wakaaga vizuri. Rinsha akaingia chumbani na kufungua kitabu chake, na mimi nikabaki sebuleni na mume wangu juu ya mto.

"Mama Rinsha."

"Naam."

"Miaka yote hii hujawahi kunikatalia."

"Nimekukatalia miaka yote, Baba Rinsha. Mtandao ndio ulikuwa haufikishi."

Akatazama chini, nadhani alikuwa akihesabu. "Hata harusi ya dada?"

"Hata harusi ya dada."

"Sikujua," akasema. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya, maana mtu aliyekasirika unamwambia kuna mgeni mlangoni. Alisema tu kwamba hakujua, akaniomba nimzime kwa leo, akapumzike.

6. KUONA. Tangu siku hiyo Baba Rinsha bado anaingia jikoni asubuhi, lakini hasemi kitu. Ukwaju natia ninavyotaka. Koya akija namtoa Baba Rinsha nje, naye anamwambia Koya, "Muulize yeye." Ungedhani nimepata nilichokitaka na ningekuacha upumzike. Tatizo ni kwamba, kwa kuwa hasemi, nimeanza kumtazama.

Kwa mtandao wa zamani mume wangu alikuwa na nywele nyeusi. Alikuwa akizipaka rangi kabla ya kila likizo, na kati ya likizo na likizo picha mbovu ilikuwa ikimpaka. Sasa naona ni nyeupe mpaka nyusi. Picha alizokuwa akitutumia alikuwa amesimama kando ya magari ya watu. Sasa naona anapolala. Ni kitanda cha juu, chini yake kuna mtu mwingine, taulo lake liko kwenye msumari na viatu vyake viko ndani ya mfuko wa plastiki. Usiku anachovya mkate wa Kiarabu kwenye chai, anakula amesimama.

Nikamuuliza, "Mbona unakula umesimama?"

"Nimekaa mchana kutwa," akanijibu. Kisha akaisogeza simu ili ukuta usionekane.

Sikuomba kuona hayo, Ndugu Meneja. Kwenye karatasi niliyotia saini hayakuandikwa. Tangu hapo nikikaa kula vibua vyangu na mikate ya unga wa mchele namwona kwenye mlango wa friji na chai yake, tonge halishuki. Na yeye, kwa upande wake, alikuwa ameniona jikoni kwangu mwezi mzima, nikiwasha, nikizima, nikikimbia na mama hospitali, nikirudi, nikiuza nazi, na jana akasema neno moja tu la siku nzima. Alisema, "Kumbe." Sikumuuliza kumbe nini. Kwa mtandao wa zamani neno kama hilo lingepotelea baharini na kila mtu angeendelea na shughuli zake.

Kwa sababu hizo zote, naomba nyumba yetu irudishiwe kasi ya zamani. Masomo ya Rinsha yabaki yalivyo, kwa sababu moyo wa binadamu lazima uonekane ukipiga. Ipunguzwe tu njia ya kutoka Sharja kwa upande wa maagizo, na ya kwenda Sharja kwa upande wa rangi. Kama mitambo yenu haiwezi kutenganisha, basi mume wangu awe anaganda kwa muda unaotosha kupanda ngazi na kushuka. Na akigandishwa, naomba agandishwe akicheka, maana wa zamani walikuwa wakimgandisha vibaya.

Iwapo hilo pia haliwezekani kwa nyumba moja, nimezungumza na wenzangu wa mtaa huu ambao waume zao wako Doha, Maskati na Jeddah. Mmoja mume wake anamsimamia akifua. Mwingine mume wake amejiunga na kikundi cha akina mama cha kuweka akiba na ameanza kugombea uongozi. Wote wako tayari mtaa mzima upunguziwe. Na kama mtaa hautoshi, tupeni anwani ya serikali tuandike huko, itungwe sheria kwamba mtandao wowote unaoingia kwenye nyumba ya mke wa mtu aliye Ghuba usizidi kasi ambayo mwanamke anahitaji kufikiri jibu. Hatukatai maendeleo. Tunaomba yabishe hodi.

Nisalimie Pratheesh, mwambie ukuta haujapata ufa. Nisalimie yule binti anayepokea simu hapo ofisini, sauti yake nzuri ingawa anapokea upesi kupita kiasi. Nisalimie na mkeo, kama unaishi naye nyumba moja. Mama mkwe anasema mfike siku moja mle nasi, na mkija msibebe kitu isipokuwa kitu kitamu.

Nabaki mteja wenu mwaminifu na mwenye subira,

Suhara Alavikutty

(na dole gumba la Bibi Biyyathu)

N.B. Barua hii ilikuwa imeshafungwa niliposikia naitwa kutoka kwenye friji. Baba Rinsha amesema jengo lao limepata mmiliki mpya, na mmiliki mpya ameweka geti linalojifungua lenyewe kwa intaneti. Mtunza geti hahitajiki. Aliniambia kama mtu anayeomba radhi, halafu akaniuliza kama arudi. Nilimwambia arudi. Nilimwambia mara moja, bila kupanda ngazi yoyote, na tukio hilo limemshangaza mama mkwe kuliko lile la Kondotty.

Anatua uwanja wa ndege wa Karipur Ijumaa, na safari hii harudi tena. Kwa hiyo naomba yote niliyoandika hapo juu yasifanyiwe kazi, na badala yake Pratheesh aje kabla ya Alhamisi kutufungia ile kasi kubwa kuliko zote mlizonazo, na aivute mpaka barazani nje. Kinyozi wa chini ya lile jengo ni rafiki yake, na Baba Rinsha ana wasiwasi kwamba geti lile jipya linahitaji mtu wa kulisimamia. Wamekubaliana Baba Rinsha awe analitazama kutoka hapa kwetu kwa kamera ya dukani kwa kinyozi, anawaelekeza wenye magari. Akiwa Sharja alishinda jikoni kwangu kutwa. Sasa anakuja kukaa kwangu, na tegemeo langu, baada ya Mungu, ni kampuni yenu imwezeshe kushinda Sharja angalau mpaka adhuhuri.